Kuwinda nguruwe mwitu kwa chambo usiku wa mbalamwezi: hatua kwa hatua

Kila mwezi ukikaribia kujaa, maswali huwa yaleyale. Niweke mahindi kiasi gani? Nikae umbali gani? Mbona chambo kinaliwa kila usiku, nikikaa mimi hawaji? Mwongozo huu ni wa anayeanza, na unakwenda jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kuanzia siku ambazo mwezi hauonekani kabisa hadi nyama ikiwa imepoa. Nimemchagua nguruwe mwitu kwa sababu ndiye mnyama wa usiku anayewindwa sana kwa chambo, tena ndiye anayewashinda wengi.

Shika hili kwanza. Chambo hakiwekwi ili nguruwe ashibe. Kinawekwa ili asimame mahali unapopajua, penye mwanga, kwa muda wa kutosha umtambue sawasawa. Mbalamwezi nayo inatafutwa kwa sababu hiyohiyo. Usiku ambao huwezi kumtambua mnyama, hata aje akae chini ya miguu yako, hupigi.

Ruhusa

Kuwinda usiku kumekatazwa katika nchi nyingi, na kutumia chambo vilevile. Uliza mambo matatu, kila moja peke yake: je, unaruhusiwa kumwinda mnyama huyu? Unaruhusiwa kumwinda usiku? Unaruhusiwa kutumia chambo? Wengi hupata jibu la swali la kwanza wakadhani wamejibiwa yote. Tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Ujerumani inakataza kuwapiga usiku wanyama wenye kwato, lakini inamtoa nguruwe mwitu katika katazo hilo, na majimbo yake kadhaa yanaweka kikomo cha chambo ambacho ni kama lita moja tu ya mahindi. Texas, nguruwe hao hawana msimu wa kufungwa. Kwa hiyo usifuate alichokuambia mwindaji wa nchi nyingine. Waulize wanaosimamia wanyamapori mahali utakapowindia, na jibu ulipate kwa maandishi.

Baada ya hapo ni mwenye ardhi, kisha majirani. Kila anayeishi au kupita karibu ajue ni usiku gani utakuwepo na utakaa upande upi. Hili usilifanye kwa haya. Usiku, kitu kinachotikisa majani kinaweza kuwa mtu.

Vitu vya kuandaa

- Bunduki inayokubalika kisheria kwa mnyama wa ukubwa huu, ambayo umeipiga shabaha mchana kwa umbali uleule utakaoutumia usiku.
- Darubini ya bunduki yenye lenzi pana. Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 56 kwa 8 ni milimita 7, na mboni ya jicho la kijana hufunguka karibu kiasi hicho gizani. Ya mtu mwenye umri mkubwa mara nyingi haizidi milimita 5. Darubini ya 10x25 (ukuzaji 10, lenzi ya milimita 25) inatoa milimita 2.5, na usiku utaona weusi mtupu.
- Darubini ya mkononi, mbali na ile ya bunduki. Hii si ya hiari. Hatutambui kitu kwa kukielekezea mtutu.
- Dungu imara la mita 3 au 4 kwenda juu, lenye mahali pa kuegemeza bunduki.
- Mahindi makavu ya punje, ndoo yenye kifuniko, mtarimbo, na mawe bapa machache ya kilo 5 hadi 10.
- Chupa laini yenye unga mwepesi wa kupimia upepo.
- Tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu, na tochi kali ya kutafutia mnyama baadaye.
- Glavu za mpira, kisu kikali, kamba.
- Kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, kama unayo. Kazi inakwenda hata bila hiyo.

Hatua za kazi

1. Tafuta wanakopita, mwezi ukiwa haupo

Anza siku za mwezi mwandamo, yaani wiki mbili hivi kabla haujajaa. Tembea mchana. Tafuta ardhi iliyofukuliwa kama imelimwa ovyo, madimbwi wanayogaagaa, na miti iliyopakwa tope hadi usawa wa paja, yenye singa zilizonasa kwenye magome. Nyayo za nguruwe katika tope laini mara nyingi huonyesha alama mbili ndogo nyuma ya kwato, zimetanuka kuliko kwato zenyewe. Tope la mtini likiwa bado bichi, wamepita jana au leo.

Usiweke chambo wanakolala. Ukiwafuata kwenye maficho yao watahama, na utakuwa umepoteza mwezi mzima. Weka kwenye njia yao kati ya maficho na malisho, pale kichaka kinapokutana na uwazi.

2. Chagua mahali pa chambo na mahali pa kukaa

Hapa ndipo uwindaji wote unapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe. Kuna mambo manne ya kupatanisha: upepo, mwezi, udongo wa nyuma, na umbali kutoka kichakani.

Upepo ndio mkubwa wao. Nguruwe haoni vizuri, lakini pua yake haina mchezo. Hewa itoke kwa chambo ije kwako, na isipite kwako kwenda wanakotokea. Jifunze upepo wa mahali hapo jioni na usiku, kwa sababu hauwi uleule wa mchana. Penye mteremko, usiku mtulivu hewa iliyopoa hushuka bondeni, hivyo anayekaa juu ya mlima anawapelekea harufu yake walio chini. Jua linapozama hewa hiyo hugeuka, na kwa muda haijulikani inaelekea wapi. Puliza unga kidogo utazame unakokwenda.

Mwezi uliojaa hutoka mashariki karibu na jua kuzama, unakuwa juu kabisa karibu saa 6 usiku, na unazama magharibi kukikaribia kucha. Unataka uwe mgongoni kwako au ubavuni, umulike ule upande wa mnyama unaoutazama wewe. Kwa hiyo anayewinda kabla ya usiku wa manane akae mashariki ya chambo. Anayengojea alfajiri akae magharibi. Ukikaa ukiutazama mwezi, nguruwe atakuwa donge jeusi lisilo na mbele wala nyuma. Karibu na ikweta mwezi wa usiku wa manane hupita karibu na utosi, na vivuli hujikunja chini ya mnyama. Kaskazini ya mbali huwa upande wa kusini, na kusini ya mbali huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo pangilia kulingana na ulipo. Dungu lenyewe liwe ndani ya kivuli cha mti, lenye majani nyuma yake, usichorwe na anga.

Upepo na mwezi vikigombana, fuata upepo. Mwanga wa ubavuni unatosha kuwinda, lakini harufu yako ikishawafikia, usiku huo umekwisha. Mwenye uwezo ajenge madungu mawili, pande mbili za chambo, achague jioni hiyohiyo.

Udongo wa nyuma: risasi ya bunduki inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Nyuma ya chambo lazima kuwe na kingo ya udongo, au dungu liwe juu kiasi kwamba kila risasi inaishia ardhini. Kichaka hakizuii risasi. Simama mahali pa chambo mchana, tazama dungu, kisha geuka utazame nyuma yako. Ukiona nyumba, njia au zizi, hama.

Umbali: mita 40 hadi 60 kutoka dunguni kwa bunduki. Chambo kiwe mita 10 hadi 20 nje ya kichaka. Wanaoanza hupenda kukiweka katikati ya uwanda kwa sababu wanaona vizuri, lakini mwezi ukiwaka wanyama wengi huogopa uwazi, hujibanza pembezoni penye vivuli. Ukikiweka kichakani nako, watakula na hutaona kitu. Ukingo wa kivuli ndio mahali pake.

Fyeka nyasi za hapo hadi usawa wa kifundo cha mguu. Kama kuna sehemu yenye udongo au mchanga mweupe, ichague hiyo, kwa sababu mnyama mweusi anaonekana vizuri juu ya weupe. Kisha simika kigingi cha sentimita 60 kando ya chambo, ukipake rangi nyeupe. Usiku ukubwa hudanganya sana: nguruwe mchanga akiwa peke yake huonekana dume kubwa. Kigingi kitakusahihisha.

3. Weka chambo kidogo, kisicholika upesi

Lita moja ya mahindi kwa siku inatosha. Najua wengi hawaamini. Ukimwaga gunia, kundi la kwanza litakula likashibe, likalale, na utakapofika wewe litakuwa halina njaa. Tena rundo huwavuta ndege, panya na wanyama usiowataka.

Toboa kwa mtarimbo mashimo sita au saba yenye kina cha kiganja, yakiwa hatua moja moja mbali. Tia konzi ya mahindi kila shimo, fukia kidogo, kisha funika mawili au matatu kwa jiwe bapa. Nguruwe atasukuma jiwe kwa pua bila shida, ila ndege na wanyama wadogo hawaliwezi. Na kwa kuwa anahama shimo hadi shimo, hugeuka mara kwa mara, akakuonyesha ubavu wake.

Ukitaka harufu ifike mbali zaidi, loweka mahindi kwenye ndoo kwa siku 3 hadi 5 mpaka yachachuke. Funika ndoo, lakini usiikaze kabisa, maana gesi hujaa.

Usitumie vitu hivi:

- Mabaki ya jikoni au nyama ya aina yoyote. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, husafiri ndani ya nyama na soseji. Ilifika nchi ya Georgia mwaka 2007, na kutoka hapo ikaenea kwa nguruwe mwitu na wa kufugwa Ulaya. Binadamu haimdhuru, lakini inaua mazizi mazima.
- Mahindi yenye ukungu. Sumu yake hudhuru kila anayekula, na wewe utamla aliyeyala.
- Dizeli au oili chafu. Wapo wanaoimwaga ili nguruwe waje kujipaka. Inaua udongo na inaingia majini. Iacheni.

4. Wazoeze ratiba

Peleka chambo saa ileile kila siku, mchana wakiwa wamelala. Aende mtu mmoja, kwa viatu vilevile vya mpira, apite njia ileile, asikae. Wasisikie harufu yako ikibadilika ghafla siku ya kuwinda.

Kila ukifika, soma mawe kabla ya kugusa kitu. Jiwe lililosukumwa na nguruwe huwa limegeuka au limesogea hatua nzima, ukingo wake umepakwa tope lenye alama ya pua, na shimo limesafishwa pasibaki punje. Jiwe likiwa mahali pake lakini pembeni yake kuna tundu jembamba na maganda ya punje, huyo ni panya. Kama huna kamera na unataka kujua saa waliyokuja, weka chini ya jiwe saa ya bei rahisi uliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki, yenye uzi uliofungwa kwenye betri na jiwe. Jiwe likisogezwa, betri inachomoka na mishale inasimama. Ziandike saa hizo. Baada ya wiki moja utaona mtindo wao.

Usianze kukaa mpaka wamekuja usiku kadhaa mfululizo.

5. Chagua usiku wako

Hapa nataka uelewe kitu kimoja cha mwezi, kisha nadharia basi. Mwezi huchelewa kutoka kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku tatu kabla ya kujaa, jua likizama mwezi tayari uko juu angani, na hakuna giza katikati. Siku tatu baada ya kujaa, kuna saa mbili na zaidi za giza totoro kabla haujachomoza. Kwa anayewinda mapema usiku, siku bora zinaanza nne hivi kabla ya mwezi kujaa na zinakwisha mbili baada yake. Usiku wenyewe wa mwezi mpevu una shida yake: saa mbili za kwanza mwezi uko chini, vivuli ni virefu, na kila kisiki kinaonekana kina miguu.

Wala usidhani nusu ya mwezi inatoa nusu ya mwanga. Inatoa kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana wiki moja kabla huoni kitu.

Wingu jepesi lililotandaa halina ubaya. Mimi nalipenda kuliko anga tupu, kwa sababu linalainisha vivuli na wanyama hutoka kwa ujasiri zaidi. Wingu zito linalofunika na kufunua ndilo la kuogopa, maana litakushawishi upige haraka kabla mwanga haujaondoka. Usiku wa namna hiyo lala nyumbani.

6. Panda dunguni mapema

Fika saa moja nzima kabla ya jua kuzama. Bunduki ipandishwe kwa kamba ikiwa haina risasi, mtutu ukitazama chini na mbali nawe. Tia risasi ukishakaa. Kukiwa bado kuna mwanga, elekeza darubini ya mkononi kwenye chambo, hesabu visiki, mawe na vichaka vyote vilivyo karibu, uvikariri. Kitakachoongezeka usiku kitakuwa na uhai.

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Kuangalia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Zima skrini kabisa na utumie taa nyekundu kwa kila kitu. Pia usikikazie macho kitu unachotaka kukiona: katikati ya jicho hakuna chembe zinazoona gizani. Tazama kando yake kidogo, kitajitokeza.

Usivute sigara, na jaketi lisiwe la kitambaa kinachopiga kelele. Kukohoa wakati mwingine kunasameheka, lakini chuma kikigonga chuma kinawaondoa wote.

7. Wakifika, usiguse bunduki

Mara nyingi utawasikia kwanza: kijiti kinavunjika, kisha kimya kirefu. Nguruwe mzoefu husimama ndani ya kivuli hatua chache kabla ya uwazi, akanyanyua pua, na anaweza kubaki hapo muda mrefu kiasi cha wewe kuamini ameondoka. Wengine huzunguka kwanza upande upepo unakoelekea. Kaa kama ulivyo. Wakianza kula utasikia punje zikisagwa, sauti kavu ya haraka isiyofanana na nyingine porini. Sauti hiyo ikitulia kwa dakika kadhaa, ndipo unainua darubini ya mkononi, polepole.

Sasa tambua:

- Je, ni nguruwe kweli? Angalia umbo zima: kichwa kirefu, mgongo, mkia.
- Yuko peke yake, au kuna wengine nyuma? Ngoja. Jike lenye watoto huweza kutangulia, watoto wakamfuata dakika baadaye.
- Kuna vitoto vyenye mistari? Mistari hupotea wakiwa na miezi michache. Ukiviona, majike wakubwa wote wa kundi hilo hawaguswi.
- Ukubwa ukilinganisha na kigingi.

Dume huja peke yake, hufika kwa kuchelewa, kichwa chake ni kizito na mabega ni marefu kuliko nyonga. Lakini kwa mbalamwezi jike kubwa lililo peke yake linafanana naye sana. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu: kundi likija, chagua mdogo aliyekwisha poteza mistari, anayekula mwenyewe. Nyama yake ni nzuri, na hutaacha yatima.

8. Piga au acha

Subiri asimame akikuonyesha ubavu wake, mguu wa mbele ukiwa umetangulia, na pasiwe na mwingine nyuma yake. Risasi inaweza kupita na kumjeruhi wa pili. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko watu wanavyodhani. Fuata mguu wa mbele kutoka chini, lenga nyuma kidogo ya kiwiko, theluthi moja ya unene wa mwili kutoka kifuani. Singa za mgongoni humfanya aonekane mrefu, na wanaoanza hupiga juu. Madume makubwa yana ngao ya ngozi ngumu mabegani, sababu nyingine ya kutolenga bega lenyewe.

Kichwa usikilenge usiku.

Kidole kinaingia kwenye kifyatulio baada ya kujibu maswali yote ya hatua ya 7. Jibu moja likiwa "nadhani", shusha bunduki.

9. Baada ya risasi, kaa

Tia risasi nyingine, kisha sikiliza. Alikokimbilia, kishindo cha mwisho kilitoka wapi, alilia au hakulia. Chagua alama, mti au jiwe, pale aliposimama na pale alipopotelea. Usishuke kabla ya dakika 30, hata ukiwa na hakika ameanguka.

Ukishuka, nenda kwanza aliposimama. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, hatakuwa mbali. Damu nyeusi nzito yaelekea ni ini. Majimaji ya kijani au yenye uvundo ni ya tumbo: rudi nyuma kimyakimya, ngoja kupambazuke, uje na mwenzako na mbwa aliyefunzwa kufuata damu. Nguruwe aliyejeruhiwa hujibanza kwenye kichaka kizito akikusubiri, na meno yake yanapasua paja. Usimfuate peke yako gizani kwa hali yoyote.

10. Nyama

Vaa glavu, kwani damu ya nguruwe mwitu inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa brusela. Toa matumbo mapema kadiri uwezavyo, usipasue utumbo wala kibofu, na mwachie nafasi apoe. Usiku wa joto hauvumilii uvivu. Matumbo yafukie kwa kina, yasiachwe kwenye chambo. Nyama ipikwe hadi nyuzi 71 za selsiasi katikati, kwa ajili ya minyoo ya trikinela. Nguruwe uliyemkuta amekufa bila jeraha, au aliyekuwa akipepesuka kabla ya kupigwa, usimle. Toa taarifa kwa wanaosimamia afya ya mifugo.

Mambo yakikwama

*Chambo kinaliwa, nikikaa hawaji.* Wanakujua. Mara nyingi njia yako ya kuingilia dunguni inakata njia yao, na harufu ya nyayo zako imebaki. Ingia kwa upande mwingine, na pima upepo saa waliyozoea kuja, usiridhike na ule wa saa uliyofika.

*Wanakuja saa 9 usiku tu.* Punguza chambo hadi nusu. Wanaokuta mashimo matupu huanza kuwahi. Kama bado, mahali pako ni pa uwazi mno. Kisogeze chambo mita chache kuelekea kichakani na uwape siku za kuzoea.

*Wanyama wengine wanamaliza.* Mawe makubwa zaidi, mashimo yenye kina zaidi, mahindi yaliyochachuka. Yasipofaa, hamisha.

*Wanasimama kichakani wakipuliza pua, kisha wanakimbia.* Harufu. Hakuna dawa ya usiku huo. Pumzisha mahali hapo siku kadhaa, endelea kulisha mchana tu.

*Naona umbo, sioni mbele wala nyuma.* Mwezi uko mbele yako, au darubini umeikuza mno. Shusha ukuzaji hadi chini kabisa, mwanga utaongezeka. Bila mabadiliko, huyo si wa leo.

*Walikuwa wakija, wakaacha ghafla.* Huenda chakula kingine kimeiva jirani, au wamepigiwa kelele. Zungukia nyayo upya. Ukikuta mizoga isiyo na majeraha karibu na maji, acha kuwinda, usiguse, toa taarifa siku hiyohiyo.

*Nimepata mmoja, nirudi kesho?* Hapana. Liache dungu hilo mpaka mwezi ujao, ukusanye mahindi yote yaliyobaki, urudishe mawe, na uendelee kupita mchana mara mojamoja. Ukipapiga kila usiku, kundi zima litajifunza kwamba harufu ya mahindi ni harufu ya bunduki.